Mama amevunjika mikono yote miwili: tuanzie wapi?

*Daktari, hujambo? Mamangu ana miaka 61, ni fundi cherehani hapa Kayole. Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha, naye alikuwa anateremka kutoka juu ya paa tunakoanika nguo, beseni mikononi. Aliteleza kwenye vipandio vitatu vya mwisho akatua kwa viganja. Hospitalini walipiga picha wakasema amevunjika mikono yote miwili karibu na kiganja. Walimvuta mifupa, wakamfunga plasta kutoka kiganjani hadi chini ya kiwiko, mkono huu na huu. Wa kulia wanasema haukukaa sawa, huenda ukatiwa chuma. Wa kushoto utapona na plasta. Tunarudi Alhamisi. Lakini tangu jana usiku analalamika ganzi kwenye vidole vya kulia, na kiwiko cha kushoto kinamuuma ingawa hakikupigwa picha. Mjomba anasema chuma ni hatari, tumpeleke Machakos kwa mzee anayeunga mifupa. Mimi ndiye ninayemlisha na kumwogesha, na nimeanza kuchoka. Tufuate lipi?*

Dada yangu, pole sana, na mama umfikishie pole zangu. Swali lako lina mambo mengi, lakini moja haliwezi kungoja Alhamisi, nalo ni ile ganzi. Weka simu chini kwanza, umwendee mama.

Mwambie anyooshe vidole vya mkono wa kulia, kisha avikunje kadiri anavyoweza. Halafu wewe mwenyewe uvinyooshe kimoja kimoja, taratibu. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachilie, uone kama rangi inarudi ndani ya sekunde mbili hivi. Muulize ganzi iko kwenye vidole gani hasa. Ikiwa ni gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete, na kile cha mwisho kiko sawa, basi anayelalamika ni mshipa mmoja wa fahamu uitwao mediani. Mshipa huo hupita katikati ya kifundo cha mkono ndani ya njia nyembamba yenye mifupa pande tatu na utepe mgumu juu yake. Mfupa ukivunjika hapo, damu na uvimbe huijaza njia hiyo, na mshipa hauna pa kukimbilia.

Ganzi kidogo siku ya kuanguka, ikawa inapungua kila kukicha, hainitishi. Ganzi iliyoanza siku kadhaa baadaye na inayozidi usiku ni habari nyingine. Mpeleke kasualti leo. Mko karibu na Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, na huduma ya dharura haingoji tarehe ya kliniki. Tena ukiona vidole vimekuwa baridi, vimepauka au kuwa na rangi ya buluu, au ukivinyoosha anapiga kelele, au maumivu yanapanda hata baada ya dawa, hilo si la kupigiana simu na ndugu kwanza. Misuli ya mkono inayobanwa na uvimbe huanza kufa kwa saa chache, si kwa siku. Njiani mkono ukae usawa wa moyo, usining'inie chini.

Plasta msiikate wenyewe kwa kisu. Hospitalini wataipasua kwa urefu na kuipanua. Hapo nakuomba uwe na macho: pamba iliyo ndani nayo ipasuliwe mpaka ngozi ionekane, kwa maana pamba iliyolowa damu ikikauka hubana kama plasta yenyewe. Wakati mwingine kosa ni jinsi kifundo kilivyokunjwa. Zamani mkono ulifungwa ukiwa umeinamishwa sana kuelekea kiganjani ili mfupa usirudi nyuma. Mfupa ulitulia kweli, lakini mshipa ulinyongwa. Plasta ikilegezwa na mkono ukarudishwa karibu na hali yake ya kawaida, ganzi mara nyingi hupungua. Isipopungua, mshipa utafunguliwa kwa upasuaji, na hapo mfupa hurekebishwa kwa safari hiyohiyo. Kwa hiyo huenda ganzi hii ndiyo itakayoamua ile hoja yenu ya chuma, mjomba apende asipende.

Na pete je? Kama bado anayo kidoleni, mkono wowote, itolewe leo, kwa sabuni au kwa kukatwa. Nimeona pete ya ndoa ikileta balaa kuliko mvunjiko wenyewe.

Sasa kiwiko. Hapa Kiswahili chenyewe hututega. Kamusi za zamani ziliita kiwiko kile kifundo kilicho karibu na kiganja, na pale mkono unapokunjwa katikati zikapaita kisukusuku au kivi. Nairobi ya leo ukisema kiwiko, wengi wanaelewa pale katikati, na nadhani wewe pia ndipo unapomaanisha. Lakini mimi nimeshuhudia picha ikipigwa mahali pasipouma kwa sababu ya neno hili moja. Ukifika, usitaje jina tu, gusa kwa kidole: hapa.

Mtu akitua kwa kiganja, kishindo hakiishii kifundoni. Mfupa unaovunjika mara nyingi ni radiasi, ule wa upande wa gumba, na mfupa huo huo unapanda hadi kiwikoni ambako una kichwa cha mviringo kama kifuniko cha chupa. Kishindo hupanda nao. Mwambie mama abane mkono ubavuni, ukunjwe katikati, kisha ajaribu kugeuza kiganja kiangalie juu kama anayepokea chenji kwa makanga. Maumivu yakimchoma upande wa nje wa kiwiko, picha ya kiwiko ipigwe bila mjadala. Mara nyingi huwa ni ufa mdogo tu. Hushikiliwa kwa kitambaa cha shingoni siku chache kisha kiwiko kianze kutikiswa mapema, kwa sababu kiwiko kinachukia kukaa kimya na hukakamaa upesi. Tunachokihofia ni kile kinachotokea mara chache: kichwa cha radiasi kimepasuka, na utando unaounganisha mifupa miwili ya kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo, nao umechanika kwa urefu. Hapo ukitibu kifundo peke yake, radiasi hupanda polepole kuelekea kiwikoni, na baada ya miezi mkono unauma pande zote mbili. Kuurekebisha wakati huo ni kazi ngumu isiyo na uhakika. Ndiyo maana picha ya leo, ambayo pengine itaonyesha kila kitu ni sawa, haipotezi pesa yenu.

Kuna kimfupa kingine kidogo cha kuangaliwa, chenye umbo la korosho, kinachoitwa skafoidi. Kipo kwenye kile kibonde kinachotokea chini ya gumba ukilinyoosha kwa nguvu. Damu yake huingia kutoka upande wa mbele, ule wa vidole, kwa hiyo kikikatika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kufa njaa. Ukorofi wake ni kwamba picha ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe kitu, na ufa ukaonekana kwenye picha ya siku ya 10 hadi 14 au kwenye skani. Kwa umri wa mama si cha kawaida sana. Ni ugonjwa wa vijana wa mjengo na wa boda boda. Lakini muulize daktari kama alikibonyeza kabla ya kufunga plasta.

Mtu aliyevunjika mikono yote miwili hana nafasi ya kusikia maumivu mengine, ndiyo sababu majeraha mengine huchelewa kugunduliwa. Mchunguze mama kuanzia kichwani. Je, kidevu kina mchubuko? Anafunga meno kama kawaida, au taya limehama? Shingo? Nyonga, anapokanyaga? Angekuwa ameanguka kutoka juu ya jengo, ningeomba visigino na uti wa mgongo viangaliwe hata bila kulalamika. Kwa vipandio vitatu, natosheka na kumbonyeza mgongo na kumtazama akitembea. Kama aligonga kichwa, au anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, mwangalieni kwa wiki kadhaa na si siku moja tu: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, maneno yanayochanganyika. Akionyesha lolote kati ya hayo, apelekwe hospitali.

Kuna faraja moja ndogo ndani ya maelezo yako. Alitua kwa viganja, maana yake alikuwa na fahamu za kunyoosha mikono. Anayezimia kwa presha au sukari kushuka kwa kawaida huanguka kama gunia, na uso ndio unaoumia. Hata hivyo muulizeni kwa upole: uliteleza, au macho yaliingia giza kwanza? Wazee wengi hujibu "niliteleza" kwa sababu jibu hilo halina aibu.

Tuje kwenye mvunjiko wenyewe na hoja ya chuma.

Mwaka wa 1814 daktari wa upasuaji wa Dublin, Abraham Colles, alieleza mvunjiko huu kwa maandishi, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa. Alikuwa na macho na vidole tu. Mpaka leo tunauita kwa jina lake: mfupa wa radiasi unakatika karibu na kiganja, kipande cha mbele kinarudi nyuma na juu, na mkono ukiutazama kutoka ubavuni una umbo la uma uliolazwa mezani. Colles aliandika pia kwamba hata ukiachwa umepinda, mkono huo siku moja utarudi kutumika bila maumivu. Hakukosea sana. Nina wagonjwa wa miaka 75 ambao picha zao zingemtia kijana wa chuo cha udaktari huzuni, na bado wanasonga ugali na kufungua kufuli bila shida.

Kwa hiyo picha mbaya peke yake si hukumu ya upasuaji. Tunaangalia mfupa umefupika kiasi gani baada ya kuvutwa, umeinama nyuma nyuzi ngapi, na kama ufa umeingia kwenye kiungo ukaacha kidaraja, yaani upande mmoja umekaa juu kuliko mwingine. Kufupika zaidi ya milimita 3, kuinama nyuma zaidi ya nyuzi 10, au kidaraja kinachozidi milimita 2, hapo tunaanza kuzungumza juu ya chuma, hasa kwa mtu ambaye bado anafanya kazi kwa mikono. Mtu akishapita miaka 65 faida ya chuma kwa muda mrefu hupungua sana. Mama ana 61 na mkate wake uko kwenye cherehani. Mimi nampima kwa kazi yake.

Lakini hesabu zote hizo zilifanywa kwa kuwaza mtu aliyevunjika mkono mmoja. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu hata sisi madaktari huwa tunasahau. Tunaitazama picha ya kulia tunatoa uamuzi wake, tunaitazama ya kushoto tunatoa uamuzi wake, kama kwamba ni wagonjwa wawili. Kumbe aliye mbele yetu ni mama mmoja ambaye hawezi kujifungia sidiria wala kwenda msalani peke yake. Swali la kwanza kwa mtu huyu si "mkono upi umevunjika vibaya zaidi?" Swali ni "tunampaje mkono mmoja wa kujihudumia, na kwa haraka gani?"

Bamba la chuma lenye skrubu, linalowekwa upande wa kiganja wa mkono, ndilo linaloweza kujibu swali hilo. Likishashika mfupa vizuri, mkono hauhitaji plasta nzito wiki sita. Nyuzi za mshono hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na kwa kawaida kabla ya hapo au mara tu baadaye mgonjwa anaanza kutikisa kifundo, kushika kijiko, kupiga mswaki. Hatabeba sufuria wala kujisukuma kutoka kitini, lakini atajifuta mwenyewe. Asiyewahi kukosa uwezo huo anaweza kuliona jambo dogo.

Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2014, wa watu wazima 461, uliolinganisha bamba hilo na waya nyembamba zinazopitishwa kwenye ngozi. Baada ya miezi 12 hakukuwa na tofauti ya maana katika utendaji wa kifundo, na waya ni nafuu zaidi. Daktari wenu akiutaja atakuwa sahihi. Ila waya huhitaji plasta juu yake kwa wiki kadhaa, na mwenye mkono mmoja mzima huvumilia wiki hizo. Mama hana huo mkono. Kwa hiyo mfuko wenu ukiweza bamba moja tu, mimi ningeliweka mkono wa kulia, ambao ndio anaoutumia nadhani, na ndio uliokaa vibaya, na ndio wenye ganzi. Mambo matatu yanaelekea upande mmoja; si kila familia hupata bahati ya uamuzi mwepesi hivyo. Kama angekuwa anatumia kushoto, tungeongea tofauti.

Upasuaji wenyewe hauhitaji lazima nusukaputi. Mkono unaweza kutiwa ganzi kuanzia kwapani au juu ya bega, mama akiwa macho. Hatari zipo na waambieni wawaeleze bila haraka: kidonda kuingia wadudu, skrubu ndefu kusugua kano, mshipa kuchubuliwa. Bamba kwa kawaida huachwa humo maisha yote, hutolewa tu likisumbua. Atalisikia kidogo baridi ya Julai ikianza, na majirani watamwambia ni chuma kinaganda. Hata mifupa iliyovunjika bila chuma hulalamika Julai.

Msikawie. Upasuaji huu ni rahisi zaidi ndani ya wiki mbili hivi za kuanguka. Baada ya wiki tatu mfupa umeanza kushikana ulivyopinda na kazi inakuwa ya kuuvunja upya. Ulizeni gharama yote mapema, bamba na skrubu zikiandikwa peke yake, kwa sababu hapo ndipo bili huvimba. Hakikisheni michango ya mama ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, imelipwa, na mpate idhini kabla ya siku ya upasuaji, si mkiwa mlangoni pa chumba cha upasuaji.

Mkono wa kushoto nakubaliana nao uachwe na plasta, kwa sharti moja: picha irudiwe baada ya wiki moja, na tena wiki ya pili. Mfupa uliovutwa ukakaa vizuri Jumamosi unaweza kuteleza uvimbe ukipungua na plasta ikilegea. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2022, uliwalinganisha watu 500, nusu wakiwekewa plasta iliyofinyangwa vizuri na nusu waya. Mwaka ulipoisha mikono yao ilikuwa sawa, lakini karibu mtu mmoja kati ya wanane wa kundi la plasta alilazimika kufanyiwa upasuaji ndani ya wiki sita kwa sababu mfupa ulihama. Anayekwambia "njoo baada ya wiki sita tutoe plasta" anacheza bahati nasibu na mkono wa mama.

Kuhusu mjomba, usimvunjie heshima. Ana sababu zake: amewaona watu waliopona mikononi mwa wazee wale, na ni kweli, kwa maana mfupa wa radiasi ukivunjika bila kuhama huungana hata ukifungwa na kitambaa cha meza. Ila mvunjiko uliohama hauonekani kwa kupapasa peke yake, na vipande vya mianzi vilivyokazwa juu ya mkono unaovimba vimewahi kuwagharimu watu vidole. Mkono wenye ganzi tayari ndio usiofaa kabisa kukandwa wala kukazwa. Mwambie mjomba: "Baba, daktari amesema mshipa umebanwa, tungoje ufunguke kwanza." Mpe pia kazi, ambayo ndiyo dawa ya ndugu wanaobishana: yeye ndiye awe wa kumsindikiza mama kliniki kila wiki. Akiiona picha ukutani kwa macho yake, mabishano huisha.

Supu ya mifupa wataileta tu, najua. Kalsiamu iliyomo ni haba kuliko watu wanavyodhani, lakini ina joto na inaletwa na majirani wanaokaa kumpigia mama gumzo, kwa hiyo sijawahi kuikataza. Omena wanaoliwa na miiba yao, maziwa, uji wa wimbi, mayai na ndengu vitamjenga zaidi.

Sasa maisha ya nyumbani, ambayo nadhani ndiyo yaliyokufanya uandike.

Mama mwenye plasta mbili huanguka tena kwa urahisi. Hawezi kushika ukingo wa ngazi wala kujidaka. Asipande wala kushuka ngazi peke yake. Anayemfuata awe kipandio kimoja chini yake akishuka, na nyuma yake akipanda. Ondoeni mkeka unaoteleza, avae raba badala ya sandali za bafuni, na tochi iwe karibu kwa usiku ambao stima itapotea. Kiti anachokalia kiinuliwe kwa mto mgumu ili ainuke kwa miguu, asijisukume kwa mikono.

Nguo: dera pana, au gauni linalofunguka mbele. Suruali ya ndani yenye lastiki legevu. Kikombe chenye mrija, kijiko kilichozungushiwa kitambaa mpini uwe mnene, na chakula kikatwe kabla hakijafika mbele yake, ili asionekane kama mtoto anayekatiwa nyama mezani. Plasta ikifungwa kwa mfuko wa plastiki bado huingia maji. Ni salama zaidi kumpangusa kwa taulo lililoloweshwa. Msalani mweke ndoo mahali panapofikika, na umuulize yeye nani amsaidie. Usimchagulie. Kuna mama aliyeacha kunywa maji mchana kutwa ili asimwite mkazamwana wake, akaishia kulazwa kwa ugonjwa wa njia ya mkojo. Kukosa choo pia kutamtesa akipewa dawa kali za maumivu; maji na mboga za majani visikosekane.

Na wewe dada, umechoka kwa siku chache tu, na safari ni ya wiki sita. Gaweni zamu leo. Ndugu aliye mbali atume pesa ya mtu wa kufua. Na simu ya mama mwachie mwenyewe: ncha za vidole ziko nje ya plasta, anaweza kubonyeza PIN yake ya M-Pesa polepole. Siri ya pesa zake ibaki yake, na vidole vipate mazoezi.

Hayo mazoezi nayo si hiari. Kila saa anapokuwa macho, mara kumi: vidole vinyooke kabisa, vikunjwe kwenye maungio ya katikati kama kulabu, vikunjwe ngumi, vitanuliwe, kisha gumba liguse ncha ya kila kidole. Plasta ikizidi mstari wa kiganja vidole vinapoanzia kukunjwa, irudishwe ipunguzwe, kwa sababu ngumi haitafungika. Mabega nayo yainuliwe mpaka mikono ipite kichwa mara tatu kwa siku. Nimetibu vifundo vilivyopona vizuri vikaacha bega lililoganda, na bega hilo lilichukua mwaka. Kwa maumivu, parasetamoli gramu moja kila baada ya saa sita, isizidi gramu nne kwa siku, inatosha wengi baada ya wiki ya kwanza. Zile dawa za jamii ya ibuprofeni asizinunue kiholela kama ana presha, figo au vidonda vya tumbo. Mkono ukivimba, kung'aa, kutoa jasho na kuuma hata kwa kuguswa na shuka, wiki kadhaa baada ya kuanguka, usimwambie ni uzee. Mrudishe mapema kwa daktari na kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Jambo moja ambalo hospitali nyingi huliacha: mwanamke aliyekoma hedhi akavunjika vifundo viwili kwa vipandio vitatu, mifupa yake inastahili kupimwa. Kipimo cha uzito wa mifupa kinapatikana Nairobi, na kwenye damu tunaangalia kalsiamu, vitamini D, figo na tezi. Kifundo huvunjika miaka kadhaa kabla ya nyonga. Ni barua ya onyo. Akipewa vidonge vya alendronate vya kila wiki, vya kuimarisha mifupa, avimeze asubuhi kabla ya kula, kwa bilauri nzima ya maji, kisha akae wima nusu saa bila kurudi kulala, la sivyo vitamchoma koo. Macho yake pia yapimwe. Fundi anayetia uzi kwenye sindano kwa kupapasa huenda haoni vipandio vizuri.

Plasta ya kushoto ikitoka baada ya wiki tano au sita, mkono utakuwa mwembamba, mkavu, na mgumu kama wa mtu mwingine. Mwandaeni asishtuke. Maji ya vuguvugu, viganja vikutanishwe kama anayesali huku viwiko vikiinuliwa taratibu, na lile zoezi la kupokea chenji, ambalo ndilo linalochelewa kurudi. Nguvu ya kushika huendelea kurejea mpaka mwaka mzima.

Cherehani anaweza kuirudia mapema kuliko anavyodhani, maana miguu yake ni mizima. Mkono wenye bamba unaweza kuongoza kitambaa chepesi mfupa ukishaonekana kushika kwenye picha, mara nyingi wiki ya sita hadi ya nane. Gurudumu aligeuze mtu mwingine mwanzoni. Makasi ya kukatia jinzi na makoti yangoje mwezi wa tatu tangu kuanguka, na siku yoyote gumba lake likikataa ghafla kuinuka kutoka mezani, hata bila maumivu, mje mara moja: kano ya gumba huweza kukatika wiki kadhaa baada ya mvunjiko, na ajabu ni kwamba hutokea hata kwenye ule mkono ambao haukuhama sana. Kwa mama huo ni wa kushoto. Oda za sare za shule alizokwisha pokea amgawie fundi mwenzake sasa hivi, kabla wateja hawajaanza kupiga simu.